Jina Lililokuwa Juu ya Langu

Katika ukoo wa akina Oonk, siku ya kuzaliwa haiwi ya mtu mmoja. Kila anayeingia humpa mkono mwenye siku yake, kisha huuzunguka mviringo wa viti na kumpongeza kila aliyeketi: hongera kwa mama yako, hongera kwa dada yako, hongera kwa jirani yako. Katika miaka kumi na mmoja niliyokuwa na Wessel nilipongezwa kwa ajili ya watu wengi, wakiwemo wawili ambao sikuwapenda. Kwa ajili ya mtoto, sikuwahi kupongezwa hata mara moja.

Jumapili ile ya katikati ya Aprili, Mama Dinie, mama mkwe wangu, alitimiza miaka sabini. Viti kumi na vinne vilikuwa vimepangwa sebuleni, magoti yakitazamana. Kahawa ilikuwa imepita mara moja, na keki ya tufaha ilikuwa imekatwa vipande kumi na vinne, bila cha akiba. Wessel aliketi kando yangu, miguu yake mirefu imekunjwa chini ya kiti, mkono wake wa kushoto juu ya goti langu. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda kidogo. Kazi yangu ni kutibu mikono iliyovunjika, na mimi ndiye niliyekinyoosha kidole kile, siku alipoletwa kwangu akiwa kipa wa tatu asiyejulikana na mtu. Nilimpenda kabla plasta haijakauka. Tangu siku hiyo hakucheza mechi hata moja ya nyumbani bila mimi kumfunga utepe vidole viwili vya mwisho, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kipa!" Mjomba Berend aliita kutoka upande wa dirisha. "Jana ile kona ya dakika ya themanini, ulitoka golini kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini baada ya baridi kuisha."

"Mpira niliudaka au sikuudaka, mjomba?"

"Uliudaka. Hata ng'ombe naye hupata majani."

"Mwache mwanangu," alisema Mama Dinie. "Jana ni mechi ya kumi na nne hajafungwa msimu huu. Wewe ulikaa golini kwa timu ya kijiji misimu mitatu, na magoli yako tuliyahesabu kwa gunia."

Watu walicheka, nami nikacheka. Ndipo Wessel akaondoa mkono wake gotini mwangu na kusimama katikati ya mviringo, kikombe mkononi, kichwa chake kikikaribia taa.

"Mama," alisema, "mwaka huu sikukuletea maua tu. Ijumaa nilisaini. Miaka miwili zaidi. Klabu inataka nistaafu palepale nilipokulia."

Shangwe ilipasuka. Sikuisikia vizuri, kwa kuwa masikioni mwangu ilikuwa bado ikirudi sauti yake nyingine, ile ya Agosti iliyopita, tulipokuwa tumelala kifudifudi kwenye mchanga wa pwani. Annerieke, alisema siku ile, msimu huu ndio wa mwisho. Mei nikivua glavu, sivai tena, na tutamtafuta mtoto wetu.

Nilikuwa nimeisubiri Mei ile kwa muda mrefu. Nilipofikisha miaka ishirini na minane aliniomba nisubiri atoke benchi. Akaenda kuchezea timu ya Denmark kwa mkopo, akaomba nisubiri arudi. Akarudi akawa kipa namba moja, akaomba nisubiri ubingwa. Ubingwa ukaja, ikaja timu ya taifa, na kila kombe lilikuwa na kombe jingine nyuma yake. Sikuwahi kugombana naye. Nilijua kazi yake ni ya miaka michache, na nilijiambia kwamba mwanamke anayempenda kipa hujifunza kukaa nyuma ya goli na kungoja. Wiki tatu baadaye ningetimiza miaka thelathini na saba.

Walianza kuja kwangu mmoja mmoja, kama ilivyo desturi.

"Hongera, Annerieke, kwa mkataba wa mumeo!"

"Ahsante, shangazi."

"Hongera, wifi. Miaka miwili mingine ya kufua zile soksi," alisema Hanneke, dada yake Wessel, huku akinikumbatia.

"Ahsante, wifi."

Wessel alinitazama juu ya mabega yao. Macho yale niliyajua; ndiyo aliyomtazamia mpiga penalti, tulivu, hayapepesi, yakimsubiri mwenzake aonyeshe upande kwanza. Sikuonyesha upande wowote. Niliinuka nikasema nakwenda kunawa mikono.

Choo cha chini kilikuwa kimefungwa. Mjomba Berend alikuwa amekwisha kuingia na gazeti lake, na kila mtu katika nyumba ile alijua maana yake. Nikapanda ghorofani, ambako wageni hawana kawaida ya kufika.

Niliketi juu ya kifuniko, nikaukandamiza uso wangu kwenye taulo. Nilipoushusha nikakutana na kalenda. Kila nyumba ya kwetu inayo: kalenda isiyo na mwaka wala siku za juma, tarehe na majina tu, ikining'inia chooni mbele ya macho ya aliyeketi, ili asipate udhuru wa kusahau siku ya mtu. Ya chini niliifahamu, yenye picha za ndege. Hii ya juu ilikuwa ya zamani, kingo zake zimelainika, na mwandiko wa Mama Dinie umenyooka mstari kwa mstari. Kwenye Aprili alikuwepo yeye mwenyewe na mwaka wake. Alikuwepo *Teun wa Hanneke, 2011*. Alikuwepo marehemu mumewe, na msalaba mdogo pembeni.

Kilichonifanya niuinue ukurasa wa Aprili kilikuwa jambo dogo, la kitoto. Siku ile, kuliko siku nyingine yoyote, nilitaka kuona kama nimo.

Nilikuwemo. Tarehe tisa Mei: *Annerieke*. Bila mwaka.

Juu ya jina langu, tarehe mbili Mei, kulikuwa na jina jingine. *Signe wa Wessel, 2018.*

Nilisoma kwa sauti. Nikasoma tena, taratibu, kama ninavyosoma picha ya mfupa ambao mgonjwa ameapa haukuvunjika. Mama Dinie aliandika hivyo kwa wajukuu tu: Teun wa Hanneke, Lotte wa Hanneke. Wino ulikuwa umefifia. Jina lile halikuandikwa jana.

Elfu mbili na kumi na nane. Wessel alirudi kutoka Denmark majira ya baridi yaliyotangulia. Alirudi amekonda, akanishika usiku wa kwanza kama mtu aliyenusurika ajalini, nami nikadhani ni mapenzi. Halafu kila mwanzo wa Mei, klabu ilipompa mapumziko mafupi, alikwenda siku nne Denmark kufundisha kwenye kambi ya makipa vijana. Mimi ndiye niliyempangia begi. Nilimkunjia glavu, nikamwekea utepe, nikamwandikia kwenye karatasi: mizunguko mitatu, usikaze. Kila mara alirudi kabla ya siku yangu na zawadi mkononi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kambi ile haikosi kuangukia tarehe mbili.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe niliifua, nikaipiga pasi, nikaikunja begini.

Nilinawa uso. Ngazi zilikuwa kumi na tatu. Nilizihesabu ili nisianguke. Sebuleni kahawa ya pili ilikuwa inamiminwa na sahani ya jibini na haradali inazungushwa. Hakuna aliyeniangalia. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi: niliingia kama mtu ndiyo kwanza anafika, nikaenda kwa Mama Dinie, nikampa mkono.

"Hongera, mama, kwa mjukuu wako Signe."

Kijiko chake kililia juu ya sahani. Sikungoja jibu, nikahamia kiti cha pili.

"Hongera, wifi, kwa binti wa kaka yako."

Hanneke alifungua mdomo. Nikahamia kiti cha tatu, kwa Shangazi Mina, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi, ambaye hulia hata kwenye harusi za watu asiowajua. Nilikuwa tayari kuona aibu machoni mwake. Nilichokiona kilikuwa furaha. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na machozi yakamtoka.

"Bado wiki tatu, mwanangu, kumpongeza mtu kabla ya siku yake ni nuksi, lakini basi! Ahsante! Ahsante! Tumeiombea sana siku hii."

"Siku gani, shangazi?"

"Ya wewe kumkubali." Alijifuta kwa kitambaa cha mezani. "Miaka yote hii tumejibana. Mtoto amepoteza meno yake ya mbele, hatukuthubutu kusema mbele yako. Wessel alituambia ukisikia jina lake tu unaugua wiki nzima."

Niligeuka nikamtazama kila mmoja, na katika kila uso nilisoma jambo lilelile: hawakuwa wezi walionaswa. Walikuwa watu wema waliochoka kunivumilia. Kwa miaka sita walinichukulia kama mwanamke mwenye roho ngumu, asiyetaka kumwona mtoto asiye na kosa. Kila walipokaa kimya, walidhani wananisitiri.

"Hukujua," alisema Mama Dinie, sauti ikiwa chini kabisa.

"Nimejua sasa hivi, mama. Chooni."

Mjomba Berend ndiyo kwanza alikuwa akitoka na gazeti lake kwapani. "Kuna nini? Mbona mmekaa kama mmefungwa goli la dakika ya tisini?"

"Kaa chini, Berend," alisema Mama Dinie. "Ukae kimya."

Viti vingine niliviruka, isipokuwa kimoja. Wessel alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imeshika ubao wa kuegemea, vidole vimefunguka vyote kumi. Nilimwendea na kumpa mkono. Akaupokea, maana hakujua la kufanya.

"Hongera kwa mwanao, Wessel."

"Twende nje," alisema.

---

Nyuma ya nyumba kuna ua, na ukutani mwa banda bado lipo goli ambalo baba yake Wessel alimchorea kwa chokaa Wessel alipokuwa na miaka tisa. Tulisimama mbele ya goli lile. Mashamba yalinuka samadi mbichi, na jua lilikuwa kali bila joto.

"Jina la mama yake ni nani?" niliuliza.

"Maibritt. Alikuwa mwalimu wa kuogelea. Ilikuwa miezi miwili tu, Annerieke. Nilikuwa peke yangu, nakaa benchi katika nchi ya watu, sijui kama nitacheza tena maishani. Haikuwa mapenzi."

"Sikukuuliza kama ilikuwa mapenzi. Ulijua lini kuhusu mtoto?"

"Kabla hajazaliwa."

"Na ulipanga kuniambia lini?"

"Kila wiki. Naapa. Lakini kila nilipotaka kukwambia kulikuwa na mechi. Nilisema baada ya nusu fainali. Nilisema baada ya Kombe la Dunia. Golini ukiwaza jambo jingine sekunde moja, umefungwa. Wewe unajua."

"Najua. Kwa hiyo ukaniweka mimi golini badala yako."

"Usiseme hivyo."

"Mimi ndiye niliyepigwa mashuti, Wessel, na hata sikujua kuna mchezo. Mama yako amekuwa akishusha sauti nikiingia jikoni, nikadhani hanipendi. Hanneke aliacha kuniletea watoto wake wikendi. Nilijiuliza, nina kasoro gani hata watu wanawatenga watoto nami? Na wewe uliniona nikijiuliza. Ulikuwa umelala pembeni yangu ukiniona."

Aliinamisha kichwa. Nilikuwa nikimpenda, sioni faida ya kulificha hilo. Nilimpenda hata pale, shingo yake ndefu imeinama, nywele za kisogoni zimeanza mvi ambayo nilidhani nitaizeekea pamoja naye.

"Niliogopa ungeondoka," alisema.

"Pengine ningeondoka. Pengine ningekaa nikamlea. Ningekuwa leo najua anapenda kula nini. Hilo lilikuwa langu kuchagua, ukalidaka kabla halijanifikia."

"Tunaweza kuanza upya. Mtoto wetu, mimi na wewe. Mkataba una miaka miwili, lakini tunaweza..."

"Binti yako ana miaka sita kasoro wiki tatu. Ungekuwa na mtoto na bado ungedaka. Umedaka! Mechi kumi na nne hujafungwa, na mtoto yupo. Kwa hiyo haikuwa kazi iliyokuzuia kuzaa na mimi. Ilikuwa nini?"

Aliinua kichwa, akanitazama. Kipa hodari, nimewahi kumsikia akiwafundisha vijana, ni yule asiyeruka kwanza. Husimama, na mara nyingi mpigaji huingiwa na shaka akapiga nje. Kwa miaka sita alikuwa amesimama vivyo hivyo mbele yangu.

"Ningepata mtoto na wewe," alisema hatimaye, "ningelazimika kukwambia kwamba si wa kwanza. Daktari angeuliza. Mama asingenyamaza kwa wajukuu wawili. Kila kitu kingefumuka."

Basi jibu ndilo hilo. Nilikuwa nimelisubiri miaka minane nikidhani ni kombe.

"Ahsante," nilisema. "Hili ni la kwanza la kweli."

Nilifungua mkoba. Ule msokoto wa utepe mweupe ulikuwemo, kama kawaida. Jumapili inayofuata kulikuwa na fainali. Nikamtilia mkononi.

"Annerieke. Tafadhali. Nani atanifunga?"

Nafikiri hakukusudia ubaya. Alisema lililomjia kwanza, na lililomjia kwanza lilikuwa vidole vyake.

"Kidole cha nne na cha tano pamoja," nilimwambia, kama ninavyomwambia mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani. "Mizunguko mitatu. Usikaze, damu ipite. Kwa mkono mmoja ni kazi, lakini watu hujifunza."

"Mkataba naweza kuuvunja. Niambie niuvunje, nitauvunja kesho."

"Wako unarefushwa, unavunjwa, unasainiwa tena. Mwili wangu haukusainiwa hivyo."

Nilimwacha mbele ya goli la chokaa. Gari lilikuwa lake, na siku ya Jumapili basi halipiti kijijini kwao. Nikaenda bandani kutazama kama kuna baiskeli isiyofungwa, na Mama Dinie alikuwa amekwisha kufika, amevaa viatu vya mbao juu ya soksi zake za sherehe, ameshika usukani wa baiskeli yake ya kijani.

"Kiti kiko chini kwako," alisema. "Magoti yatakuuma mpaka stesheni. Iache pale, Hanneke ataifuata. Au usiiache. Nenda nayo."

"Ahsante, mama."

"Aliniambia unajua." Alikifuta kiti kwa kiganja. "Mtoto akizaliwa huandikwa. Nisingeweza kumwacha nje. Nikamwandika kwenye kalenda ya ghorofani, ili kama ukija usiumie. Nilidhani nakufanyia wema, mwanangu."

"Najua, mama. Katika nyumba hii, kalenda yako peke yake ndiyo haikunidanganya."

Hapo ndipo alipolia, bila sauti, kama wanavyolia wanawake wa kule, mkono mmoja bado umeshika breki ili baiskeli isinitoroke. Nami nililia. Tulisimama hivyo, baiskeli katikati yetu, mpaka kuku wawili wakatuzunguka wakidhani tumeleta chakula.

"Jina lako silifuti," alisema. "Atake asitake. Mei tisa utapata kadi yangu, popote utakapokuwa."

Nilipanda. Kweli kiti kilikuwa chini. Magoti yalinifika karibu na usukani. Ng'ambo ya ua Wessel alikuwa bado amesimama palepale, katikati kabisa ya milingoti miwili, utepe mkononi, akinitazama aone nitaelekea upande gani.

"Usilifute," nilimwambia Mama Dinie. "Lakini kila mtu umemwandikia mwaka wake, isipokuwa mimi. Ongeza na wangu. Themanini na saba."

"Nitaongeza."

"Leo, mama. Kwa wino. Ili Wessel naye akiketi pale, apige hesabu ya miaka yangu."

Nikakanyaga pedali, nikashika njia ya kushoto, ya stesheni.